Steringi Akifa, Kiingilio Kinarudi? Mwongozo wa Kelele za Mashabiki wa Game of Thrones, Kutoka Magamba

 

Kila tamthilia mpya ya majoka na mapanga ikitoka, ubishi ni ule ule. Nani kaona, nani kaambiwa, nani kaelewa vibaya, nani kawaharibia wenzake utamu. Ilikuwa hivyo mwaka 2019 Game of Thrones ilipoisha. Ikawa hivyo tena 2022 na 2024 ilipokuja House of the Dragon. Mimi nimekaa miaka kadhaa mlangoni mwa banda la video hapa Magamba nikikusanya viingilio, kwa hiyo mabishano haya nimeyasikia karibu yote. Nimeona si vibaya niyaweke sehemu moja, na tarehe zake, ili mtu akitaka kubishana abishane akiwa na kitu mkononi.

Na jambo kubwa nalisema mapema kabisa: huku kwetu watu wengi hawajaona epsodi moja, wameona mbili. Kuna epsodi ya HBO na kuna epsodi ya mtafsiri. Ukilijua hilo, nusu ya ugomvi inakwisha.

Tahadhari: humu ndani natoboa kila kitu. Kama bado hujamaliza, funga ukurasa, kaangalie, urudi.

KAMUSI FUPI KWA WAGENI

Steringi: mhusika mkuu, yule anayepiga wenzake na hafi. Karibu kila mtoto wa Kitanzania aliyekulia kwenye mabanda analijua neno hili.

Adui: yeyote anayepingana na steringi. Adui mkubwa hufa mwisho, na anatakiwa afe vibaya.

Sizoni: kwa Kizungu ni msimu mmoja wa tamthilia. Kwetu ni tamthilia nzima. Mtu akisema "naangalia sizoni" hana maana ya msimu wa kwanza au wa pili, ana maana anaangalia kitu kirefu ambacho hakiishi leo.

Kibanda umiza: banda la kuonyeshea video na mpira. Mabenchi ya mbao, joto, giza. Jina limejieleza lenyewe.

Ya kutafsiriwa: nakala ambayo juu ya sauti za waigizaji imewekwa sauti ya Mswahili mmoja anayesimulia na kuigiza wote, wanaume kwa wanawake.

Kurusha: kukuwekea muvi kwenye flashi au memori kadi kwa malipo. "Nirushie mbili za kivita" ni sentensi kamili.

Kumwaga mtama: kutoboa siri ya epsodi mbele ya ambao hawajaona. Tumeichukua kwenye ule usemi wa usimwage mtama kwenye kuku wengi.

TAMTHILIA YENYEWE KWA UFUPI

Game of Thrones ilirushwa na televisheni ya HBO ya Marekani kuanzia tarehe 17 Aprili 2011 mpaka 19 Mei 2019. Misimu 8, epsodi 73. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na epsodi 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Imetokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka 1996. Waliosimamia uandishi wa tamthilia ni David Benioff na D. B. Weiss.

Kwa kumbukumbu tu, inaanza hiyo 2011 sisi Mpanda tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Katavi imekuwa mkoa 2012. Kwa hiyo tamthilia hii ina umri kuliko mkoa wetu!

Haikuwa ya kwanza ya aina yake kushika mabanda. Kabla yake tulikuwa na Legend of the Seeker (2008 hadi 2010, misimu miwili) na Merlin ya BBC (2008 hadi 2012). Na Jumong ya Korea, epsodi 81, iliyorushwa kwao 2006 mpaka 2007, ile watu walimaliza wakaanza upya. Hizo ndizo zilizotufundisha kuangalia sizoni. Lakini zilitufundisha kwa sheria za kwetu, na Game of Thrones ikaja kuzivunja.

EPSODI INAFIKAJE MAGAMBA

Hapa ndipo penye chanzo cha ugomvi mwingi.

Kule Marekani ilikuwa inaonyeshwa Jumapili saa 3 usiku, saa za New York. Kwa saa zetu hiyo ni Jumatatu saa 10 alfajiri. Miaka ile ya mwisho M-Net ilikuwa inairusha muda huo huo kupitia DStv, kwa wenye kifurushi kikubwa. Kwa hiyo kulikuwa na Mwafrika Mashariki mwenye uwezo wake Nairobi au Masaki anayeona pamoja na New York, anaamka saa 10, na saa 12 asubuhi kashaandika maoni yake Twitter kabla hajapiga mswaki.

Daraja la pili ni wa kushusha mtandaoni. Mtandao wa TorrentFreak, unaofuatilia mambo haya, uliitaja Game of Thrones kuwa tamthilia iliyoibwa kuliko zote duniani kila mwaka kuanzia 2012 hadi 2017, na tena 2019. Kuna wakati wezi walitangulia hata wenyewe: Aprili 2015 epsodi nne za mwanzo za msimu wa tano zilivuja siku moja kabla ya msimu kuanza.

Daraja la tatu ni sisi. Epsodi inashushwa Dar au Mwanza, inaingia kwenye hadi diski, inapanda basi au inakuja na treni ya Tabora mpaka Kaliua halafu Mpanda. Inafika mjini kwenye duka la kurusha. Kutoka hapo inakuja Magamba kwenye flashi, mfukoni mwa mtu wa bodaboda.

Na daraja la nne ni wanaosubiri ya kutafsiriwa. Hao wanaweza kusubiri wiki, wanaweza kusubiri miezi.

Sasa angalia kilichotokea simu za vioo zilipoenea. Maoni hayapandi basi. Picha ya mhusika aliyekufa ilikuwa inafika Magamba kwenye WhatsApp Jumatatu asubuhi, epsodi yenyewe inafika Ijumaa. Kelele inatangulia, kitu kinafuata! Nimeona mtu analipa kiingilio shilingi 300 kuja kuhakikisha kifo alichokwisha kuambiwa. Nimeona pia marafiki wawili waliosoma pamoja sekondari wasisalimiane miezi kwa sababu mmoja alimwaga mtama kwenye grupu la darasa. Mnacheka, lakini kwa mtu ambaye starehe yake ya wiki nzima ni saa moja ile ya Ijumaa, umemwibia.

SHERIA YA KWANZA: STERINGI HAFI

Kizazi changu kimekua na Arnold, Rambo, Amitabh, Jet Li. Steringi anapigwa, anatupwa mtoni, anazikwa, lakini anarudi. Hata Richard wa Legend of the Seeker anarudi. Ukiingia katikati ya picha swali la kwanza unaloulizia ni "steringi nani?" Ukishaonyeshwa unatulia, unajua pesa yako iko salama.

Game of Thrones imekuja na Ned Stark. Amewekwa kwenye mabango ameketi kwenye kiti cha enzi, ameigizwa na Sean Bean ambaye watu walishamwona kwenye muvi kubwa kubwa. Kila mtu bandani kamchagua huyo. Epsodi ya tisa ya msimu wa kwanza (12 Juni 2011) anakatwa kichwa mbele ya watoto wake.

Sisi huku tuliiona muda mrefu baada ya hiyo tarehe. Banda lilinyamaza kwanza. Halafu zikaanza hoja. Kundi moja likasema si yeye, ni mtu wa kufanana naye. Kundi la pili likasema atafufuliwa na mchawi. Kundi la tatu, la watu wazima, likaja mlangoni kwangu kudai kiingilio. Mzee mmoja wa heshima zake, ambaye huwa namwamkia shikamoo akiingia na akitoka, aliniambia: "Kijana, mmetuuzia picha lisilo na steringi." Alikuwa hatanii. Kwake ilikuwa sawa na kuuziwa redio haina spika.

Duniani kote watu walishtuka, siyo sisi tu. Harusi ile ya msimu wa tatu (2 Juni 2013), walipouawa Robb Stark na mama yake, ndiyo iliyofanya YouTube ijae video za watu wanaopiga kelele sebuleni. Waliokuwa wamesoma vitabu walijua kinachokuja, wakawatega wenzao kamera. Lakini tofauti ipo. Wale walishtuka kwa sababu walimpenda mtu aliyekufa. Sisi tulishtuka kwa hilo, na juu yake tukaona mkataba umevunjwa.

Jon Snow alipochomwa visu mwisho wa msimu wa tano (14 Juni 2015) dunia ilibishana karibu mwaka mzima kama kafa kweli. Magamba hakukuwa na ubishi mkubwa. Walioshaumizwa na Ned walisema kafa, basi. Wazee wa sheria walisema steringi hafi. Jon akafumbua macho tarehe 1 Mei 2016, na mzee wangu yule akasema tu, "Sasa mmeanza kuelewa."

SHERIA YA PILI: MTAFSIRI NI SHABIKI WA KWANZA

Kwa ambaye hajui, kusimulia filamu kwa Kiswahili ni kazi yenye historia. Dar es Salaam alijulikana sana Derek Gaspar Mukandala, yule tunayemwita Lufufu, na baada yake wakaja wengine wengi. Kenya yuko DJ Afro. Uganda wanawaita mavijei, na VJ Jingo anasimulia kwa Kiganda. Wajapani nao, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimuliaji wao waliokaa pembeni ya pazia. Msomi wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala ya kitaaluma mwaka 2010 kuhusu wasimuliaji wa Tanzania, na kwenye kichwa cha habari akasema ni sanaa ya kugeuza wali kuwa pilau.

Hiyo pilau ndiyo hoja yangu. Mtafsiri hafasiri maneno tu. Anacheka, anatukana adui, anamwonea huruma mama, anasema "mshkaji kaingia choo cha kike huyu". Anawapa wahusika majina anayoona yanafaa. Watu wa barafu wanakuwa mizimu, Daenerys anakuwa Mama Majoka. Yaani wakati wewe unaangalia epsodi mara ya kwanza, tayari ndani yake kuna mtu mmoja aliyekwisha kuiona na ameshatoa maoni. Wazungu maoni yao yanakuja baada ya epsodi. Ya kwetu yanakuja yakiwa ndani yake.

Kuna mahali hii inasaidia sana. Game of Thrones ina watu wengi na koo nyingi, ukikosa epsodi moja umepotea. Mtafsiri mzuri anakukumbusha: huyu ndiye yule aliyemsukuma mtoto dirishani, usimsahau. Hakuna maandishi ya chini yatakayokufanyia hivyo.

Kuna mahali inashindikana. Mfano mzuri ni epsodi ya tarehe 22 Mei 2016, kifo cha Hodor. Jina lake linatokana na amri ya Kiingereza ya kuzuia mlango, inayorudiwa haraka haraka mpaka maneno matatu yanamenyeka na kubaki neno moja. Kwa Kiswahili "zuia mlango" ukiirudia hata mara mia haiwi Hodor. Mtafsiri wa nakala iliyotufikia alisema, "Alipewa kazi ya kuzuia mlango tangu utoto, na leo kaimaliza." Mchezo wa maneno umepotea wote, lakini benchi la mbele watu walifuta machozi. Kapoteza kitu, kaokoa kitu.

NAFASI YA KELELE: WIKI SITA ZA 2019

Hizi hapa tarehe za msimu wa nane, maana kila mtu anazichanganya. Ni za Marekani, kwetu ongeza siku moja.

14 Aprili: msimu unaanza. Furaha tupu.

21 Aprili: epsodi ya pili, watu wanakaa usiku kusubiri vita. Walioisifu wengi.

28 Aprili: vita ya usiku, dakika 82. Malalamiko makubwa: giza! Watu wa Ulaya na Marekani wenye televisheni za maana walisema hawaoni kitu. Mpiga picha mkuu, Fabian Wagner, alijitetea kwamba hakukosea, tatizo ni jinsi watu wanavyotazama. Sasa fikirieni sisi, nakala imeminywa mara tatu, TV ya kichogo, jenereta inapumua. Tuliona vita kwa masikio. Arya anamuua Mfalme wa Usiku, nusu ya banda waliuliza "nani kafanya?"

5 Mei: Missandei anakatwa kichwa, joka la pili linauawa. Lakini dunia inaongelea kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani mbele ya Daenerys. HBO wakakiri kwa utani, baadaye wakakifuta. Kwenye banda letu hakuna aliyekiona. Kwa picha ile hata ndoo usingeiona.

12 Mei: kengele za kusalimu amri zinalia, na Daenerys anauchoma mji mzima pamoja na raia. Hapa ndipo palipowaka moto.

19 Mei: mwisho. Jon anamuua Daenerys, joka linayeyusha kiti cha enzi, Bran anakuwa mfalme, Sansa anakuwa malkia wa Kaskazini iliyojitenga.

Mwezi huo huo wa Mei ombi la mtandaoni la kutaka msimu wote utengenezwe upya na waandishi wengine lilipita sahihi milioni 1, na baadaye likapita milioni 1.8. Haukutengenezwa upya. Septemba 2019 tamthilia ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, na jumla msimu huo ulipata Emmy 12. Kwa hiyo ukiambiwa "dunia nzima iliuchukia" au "dunia nzima iliupenda", yote mawili siyo kweli.

KWA NINI MAMA MAJOKA ALICHOMA MJI? MAJIBU MAWILI

Hapa naomba tusomane vizuri, maana ndipo mtu wetu alipoonewa.

Lalamiko kubwa la mashabiki duniani kuhusu ile ya 12 Mei halikuwa kwamba Daenerys kawa mbaya. Ni kwamba kabadilika ghafla bila sababu ya kutosha. Ukiangalia nakala ya Kiingereza utaona wanachosema. Kengele zinalia, ameshashinda, yuko juu ya joka, kamera inamwangalia usoni, anaiangalia ngome ya adui yake, anapumua. HATAMKI NENO HATA MOJA. Halafu anaruka na kuchoma. Waandishi wamekuachia wewe usome uso.

Sasa mtafsiri yeyote atakwambia kimya ndiyo adui wa kazi yake. Ukinyamaza sekunde kumi banda linadhani spika imekufa. Nakala iliyotafsiriwa iliyotufikia Magamba, pale pale penye kimya, ilikuwa na sauti ya Mama Majoka ikisema maneno ya namna hii: mmemuua mtoto wangu, mmemkata dada yangu kichwa mimi naangalia, na ninyi wananchi mlikaa mnatazama hamkusema kitu, leo mtanijua. Kisha moto.

Matokeo yake? Banda letu halikukasirika! Walisikitika, kina mama wawili watatu waliotoka sokoni wakasema "uchungu wa mtoto huo", lakini hakuna aliyesema haieleweki. Kwa nakala yao ilieleweka vizuri sana. Sababu ilitamkwa kwa sauti.

Kuna kijana mmoja wa hapa, fundi wa simu, aliingia kafe mjini akajiunga kwenye mjadala mtandaoni. Watu wanasema alichoma bila sababu. Yeye akaandika: hapana, sababu ameisema mwenyewe, akaitaja. Wakamcheka. Wakamwambia mshamba, umeota, hiyo epsodi umeiona wapi. Alirudi Magamba kanyong'onyea, akaacha kabisa kuchangia mambo ya mtandaoni. "Kumbe tunaangalia vitu vya uongo," ndivyo alivyoniambia.

Mimi nasema hakuota, na wala waliomcheka hawakukosea walichokiona. Walikuwa wanabishana juu ya epsodi mbili tofauti zenye jina moja. Mtafsiri alifanya kile kile ambacho mamilioni ya mashabiki walitamani waandishi wafanye, yaani kumpa mwanamke yule sababu. Wenzetu walitia sahihi ombi la kurekebishiwa mwisho, sisi tulishaletewa uliorekebishwa na hatukujua.

Lakini siishii hapo kwa kumsifu, maana kuna gharama. Lile kimya lilikuwa la kwako. Ulitakiwa uingie humo na akili yako, uamue mwenyewe huyu ni kichaa, ni mwenye uchungu, au alikuwa hivyo tangu mwanzo tukamshangilia. Maana tulimshangilia misimu saba akichoma watu! Hilo ndilo swali zito la tamthilia nzima, na kwenye nakala yetu lilijibiwa na mtu mmoja mwenye maikrofoni. Ukipata nafasi, angalia kile kipande bila kutafsiriwa hata kama Kiingereza kinakupiga chenga. Hakuna Kiingereza cha kuelewa pale. Ni uso tu.

HOUSE OF THE DRAGON: MAMBO YA SIMBA NA YANGA

Hii ilianza 21 Agosti 2022, epsodi 10. Msimu wa pili ulikuwa epsodi 8, kuanzia 16 Juni hadi 4 Agosti 2024. Inasimulia ukoo wa Targaryen zaidi ya miaka 170 kabla Daenerys hajazaliwa. Epsodi ya mwisho ya msimu wa kwanza nayo ilivuja kabla ya siku yake, Oktoba 2022.

Kelele zake ni za aina nyingine. Kuna pande mbili, Weusi wa Rhaenyra na Kijani wa Alicent na mwanawe Aegon. HBO wenyewe walichochea, Machi 2024 wakatoa matangazo mawili, moja la kila upande, uchague. Wabongo hatuhitaji kufundishwa hilo. Hapa Magamba niliona watu wa Yanga wanaingia Kijani kwa ajili ya rangi tu, na watu wa Simba wakasema Weusi wana joka jekundu kwenye bendera, imekwisha. Swali la steringi ni nani halikuulizwa tena. Limekuwa "wewe uko upande gani?"

Naliona ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu aliyezoea upande wake ushinde au ufungwe hadai kiingilio mtu wake akifa. Anasema mechi ya marudiano ipo.

SHERIA ZA NCHI, KWA KIFUPI

Wanaoniuliza kama haya yote ni halali, jibu ni hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri, kuinakili na kuionyesha kwa umma. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka sehemu ya kuonyeshea filamu iwe na kibali. Na mwaka 2013 ulianza utaratibu wa kutaka kazi za filamu na muziki zinazouzwa ziwe na stempu ya TRA. Sasa jipimieni wenyewe flashi ya bodaboda iko upande gani. Simfichi mtu: nakala nyingi nilizozitaja humu hazina ruhusa ya mwenyewe. Lakini pia hakukuwa na njia ya halali iliyofika Magamba na Kiswahili chake kwa bei ya shilingi 300.

KABLA HUJABISHANA, JIULIZE MANNE

1. Umeona nakala ipi, ya Kiingereza au ya kutafsiriwa? Itaje kwanza. "Kwenye ya kutafsiriwa alisema hivi" ni sentensi ya heshima, wala haikushushi.

2. Maneno unayoyatetea yametoka kwa mhusika au kwa mtafsiri? Kama midomo imefumba na sauti inaendelea, ni ya mtafsiri.

3. Mwenzako yuko daraja lipi? Kama anasubiri basi la Ijumaa, funga mdomo Jumatatu. Hadi picha ya profaili inaweza kumwaga mtama.

4. Unakasirika kwa sababu hadithi ni mbaya, au kwa sababu steringi wako kafa? Ni vitu viwili tofauti. Ned Stark alikufa na hadithi ikawa nzuri zaidi.

Hayo ndiyo niliyonayo wadau. Mwenye nakala iliyotafsiriwa ya ile ya kengele ambayo mtafsiri wake alinyamaza, au alimpa Mama Majoka maneno mengine kuliko ya kwetu, aandike hapo chini alisema nini na aliiona wapi. Nataka kujua watu wa Sumbawanga, Kigoma, Songea na kwingineko mlipewa sababu gani. Na yule fundi simu wetu nitamwonyesha majibu.

Nawasilisha.